Deni, Gharika na Mama: Barabara ya Kilwa kwa Jicho la Mother India

Kuna dakika chache ndani ya filamu ya Mother India ambazo mtu wa bonde la Rufiji hahitaji kutafsiriwa. Ni usiku, mvua inamwagika, maji yameshaingia kijijini. Radha amesimama katikati ya gharika, mabegani ameshikilia jukwaa la miti, na juu ya jukwaa wamo wanawe. Mume hayupo. Akiba hakuna, kwa sababu robo tatu ya kila mavuno huchukuliwa na mkopeshaji. Kilichobaki ni ile miti na nguvu za mabega yake.

Rufiji wanalijua jukwaa la namna hiyo. Dungu husimama juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga, limeezekwa kwa makuti au nyasi, na ngazi yake ni miti iliyofungwa kwa kamba. Mtu huamia ndege akiwa humo mchana, hufukuza nguruwe na viboko usiku, na mto ukifurika kuliko ulivyozoeleka, familia hukaa juu na sufuria yake ikisubiri maji yashuke. Anayehamia dungu na watoto kwa miezi ile ya kulinda mpunga mara nyingi ni mama.

Mehboob Khan aliitoa Mother India mwaka 1957, na ilianza kuonyeshwa Bombay tarehe 25 Oktoba. Kisa hicho alikwishakisimulia mwaka 1940 katika filamu yake iitwayo Aurat, lakini safari hii alikuwa na rangi, fedha na Nargis. Nargis alikuwa hajatimiza miaka 30, na ilimbidi aigize maisha yote ya mwanamke mmoja, Radha huyo, tangu bibi harusi hadi kikongwe mwenye mvi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya India kuingia katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Hayo ni ya vitabu vya sinema. Kilichonitia mimi njiani ni swali jingine: kwa nini filamu za aina hii zilishika mioyo ya watu wa pwani ya Tanganyika na Unguja, kiasi kwamba wapo wazee wanaosimulia kisa cha Radha na wanawe kama kisa cha jirani?

Nilianzia Dar es Salaam, mahali filamu zilipokuwa zikishukia. Miaka ya 1950 na 1960 mji ulikuwa na majumba ya sinema ya Avalon, Empire, New Chox, Amana kule Ilala na mengine, mengi yao yakimilikiwa na familia za Kihindi. Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi. Ndani ya ukumbi tabaka lilipimwa kwa bei ya kiti, wenye nacho wakikaa juu na nyuma, wasio nacho mbele kabisa, shingo zimeinuliwa. Warufiji walikuwa miongoni mwa jamii kubwa za wahamiaji wa mji huo: makuli, wachukuzi, watumishi wa majumbani, wauza samaki. Ukitaka kuelewa kilichowagusa, huna budi kushika Barabara ya Kilwa na kurudi walikotoka.

Basi linapita Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Jaribu Mpakani, Bungu, halafu Kibiti. Kituoni Kibiti wauzaji huinua korosho na machungwa hadi usawa wa dirisha. Wengi wao ni wanawake, na wengine wana mtoto mgongoni. Barabara ni ya lami sasa, na tangu mwaka 2003 kuna Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Kabla ya hapo abiria walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea watu wa kusini walikatwa na nchi kwa majuma na miezi. Lakini njia yenyewe ni ya zamani kuliko lami, na waliopita humo kabla yetu wengi hawakupita kwa hiari.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha biashara. Waliihamishia nchi kavu. Misafara ikaanza kupanda kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa miguu, ikivuka Rufiji, ikipita nchi ya Wandengereko na Wazaramo, kuelekea Pangani na mbele yake. Afisa wa Kiingereza, Frederic Elton, alitumwa ashuke pwani hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa kuchunguza watumwa waliokuwa wakimilikiwa na Wahindi waliohesabika kuwa raia wa Uingereza. Kwa hiyo yeye alikuwa akienda kusini na misafara ikija kaskazini, uso kwa uso. Kati ya tarehe 21 Desemba 1873 na 20 Januari 1874 alihesabu watumwa 4,096 waliopita. Ni mwezi mmoja, katika njia moja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1876, Barghash alipiga marufuku misafara ya nchi kavu pia.

Hesabu ya Elton haina majina. Jina moja tunalo kutoka miaka michache kabla yake, la msichana wa Kiyao aitwaye Swema, ambaye habari zake ziliandikwa na Padri Horner wa misheni ya Roho Mtakatifu huko Unguja. Swema hakuvuka Rufiji. Aliletwa Kilwa kwa miguu, kisha akapandishwa jahazi. Namtaja hapa kwa sababu kisa chake kinaanza palepale kinapoanzia cha Radha. Mama yake, mjane, alikopa mtama wakati wa njaa. Deni likamshinda. Mdai akaja akamchukua mtoto badala ya nafaka, akamuuza kwa msafara. Mama akaomba aende naye. Akakubaliwa kwa sharti la kubeba pembe ya ndovu, akatembea na mzigo huo nyuma ya mwanawe mpaka miguu ilipokataa. Msafara ukamwacha njiani, na binti akalazimishwa kwenda mbele.

Nimesoma habari za misafara mingi, na hakuna iliyonifungua macho kama hii. Tumezoea kuisimulia biashara ya watumwa kwa bunduki na mitego ya usiku, nayo ilikuwepo. Lakini sehemu kubwa ya maafa yale iliingia kwa mlango wa deni dogo la chakula, na mtu wa kwanza kusimama mlangoni hapo alikuwa mama.

Njia hiyohiyo ilikuwa na kinyume chake cha ajabu. Katika sheria iliyofuatwa pwani, mtumwa aliyefanywa suria na kumzalia bwana wake mtoto hakuweza tena kuuzwa, na bwana akifa alikuwa huru. Mtoto aliyezaliwa alikuwa mwungwana kama watoto wa mke wa ndoa. Masultani kadhaa wa Unguja, Barghash mmojawapo, walizaliwa na masuria. Fikiria hali ya mwanamke aliyepita Rufiji na mnyororo shingoni: uzazi uliweza kumnyang'anya kila kitu, kama ulivyomfanya mama yake Swema, na uzazi uleule uliweza kumpandisha mwanawe akawa mrithi wa nyumba ambayo yeye aliingizwa kama mali. Ni ngazi ambayo mama alitumika kuwa kipandio chake. Mtoto alifika juu, na mama akabaki akitajwa kwa asili yake.

Katika Mother India mzizi wa yote ni rupia 500. Mama mkwe wa Radha alizikopa kwa mkopeshaji Sukhilala ili kumfanyia mwanawe harusi ya heshima. Hajui kusoma. Maneno ya mkataba yanagombewa, wazee wa kijiji wanaamua kwa kufuata karatasi, na karatasi inasema familia italipa robo tatu ya mavuno kama riba. Mume, Shamu, anajaribu kufyeka ardhi mpya yenye mawe ili waongeze shamba, jiwe linamwangukia na kumponda mikono yote miwili. Anashindwa kuvumilia kulishwa na kudhihakiwa, anaondoka usiku na harudi. Kisha yanakuja mafuriko, na mtoto mchanga anakufa. Sukhilala anakuja na chakula na bei yake: mwili wa Radha. Anamkatalia. Wanakijiji wameshafunga mizigo wahame, naye anawasihi wabaki, wanabaki.

Kanhaiyalal, aliyemwigiza Sukhilala, alikuwa ameigiza nafasi hiyohiyo katika Aurat miaka 17 nyuma. Ukimtazama anavyokunja daftari lake kwa upole, huku akitabasamu, unaelewa kwamba silaha yake kubwa ni kujua kusoma peke yake.

Kwa mkulima wa Rufiji daftari la dukani halikuwa hadithi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamekaa bondeni na katika delta tangu enzi za Elton, wakinunua mpunga, boriti za mikoko na baadaye pamba, wakiuza nguo, chumvi na mafuta. Mkulima alichukua bidhaa kabla ya mavuno na kulipa kwa mazao. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria mwaka 1923 ya kuzuia kuwakopesha Waafrika, na ikaitengeneza upya mwaka 1931. Mwenye duka asingeweza kwenda mahakamani kumdai Mwafrika bila idhini ya serikali. Kwa karatasi ilimlinda mkulima. Kwa vitendo ilimfungia mlango wa benki na mkopo halali, ikamwacha na mkopo wa mdomo, ule wa kuaminiana na kubanana. Sipendi kuisimulia habari hii kana kwamba kila mwenye duka alikuwa Sukhilala. Mwaka wa njaa, duka hilohilo ndilo lililokuwa na unga. Ila mizani ilikuwa upande mmoja wa meza.

Baada ya daraja, kabla ya kufika Somanga, ndipo ilipo Mohoro. Leo ni mji mdogo, lakini Wajerumani walipafanya makao yao ya kuitawala Rufiji kabla hayajahamishiwa Utete. Julai 1905, katika milima ya Umatumbi kusini yake, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na hiyo ikawa ishara ya vita vya Maji Maji. Mwishoni mwa mwezi huo wapiganaji wakashuka pwani wakauvamia mji wa biashara wa Samanga. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga mganga Kinjikitile Ngwale hapa Mohoro. Kila mtoto wa shule ya Tanzania analijua jina hilo.

Ni nani anayejua jina la mwanamke mmoja aliyelima ile pamba? Mashamba ya lazima yalilimwa na wanaume kwa wanawake, na siku zilizotumika humo ziliibwa kutoka kwenye mpunga na mahindi, yaani kutoka kwenye sufuria. Wakati wa vita Wajerumani walichoma maghala na mashamba ili njaa ikamilishe kazi ya bunduki, na waliokufa kwa njaa ile walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Njaa haipigi kambi vitani, inakaa jikoni. Kadhalika ukichukua kitabu chochote kuhusu delta, utaikuta manowari ya Königsberg iliyojificha kwenye mikono ya mto tangu mwaka 1914 hadi ilipozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Jina la nahodha lipo, Max Looff, na mizinga imehesabiwa. Vijiji vilivyoizunguka, kina mama waliokuwa wakivua kamba na kupanda mpunga humo ndani ya mikoko, ni mandhari tu.

Nadhani hapo ndipo palipo nguvu ya Mother India kwa watazamaji wetu. Waliokaa viti vya mbele pale Avalon hawakuwahi kuona mtu kama mama zao akiwekwa katikati ya pazia kwa muda wa karibu saa tatu. Filamu za maonyo zilizotengenezwa Tanganyika chini ya serikali ya kikoloni zilimfundisha Mwafrika kunawa mikono, kuweka akiba posta na kulima kwa mistari. Mashujaa wa filamu hizo walikuwa wanaume, na mmoja aliyeigiza katika filamu za Kiswahili za miaka ya 1950 alikuwa Rashidi Kawawa, kijana aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Filamu ya Kihindi ilileta mwanamke mwenye matope hadi magotini, ikamwita taifa.

Kuna picha moja ambayo hata asiyewahi kuiona filamu anaijua: Radha akivuta plau mabegani kama ng'ombe. Bonde la Rufiji halikuwa na plau za ng'ombe, mbung'o hawakuruhusu, na makundi makubwa ya mifugo yameingia karibuni tu, hasa baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006. Jembe la mkono ndilo lililolima bonde lote. Mtazamaji wa Rufiji hakuhitaji kuona ajabu katika mwili wa mwanamke kufanya kazi ya mnyama. Katika msimu wa mlao, mto unaporudi nyuma na kuacha tope jeusi, kina mama hushuka kupanda mahindi na kunde kabla unyevu haujapotea, mstari kwa mstari, wameinama tangu alfajiri. Nilipowatazama wakifanya hivyo kutoka ukingoni, kilichonishangaza ni kasi. Kisigino kinafukia shimo wakati mkono umeshafika kwenye shimo linalofuata, na mbegu iko kwenye kibuyu au kopo lililofungwa kiunoni ili mkono usisafiri mbali. Tope likikauka, mbegu imepotea. Na mbegu yenyewe mara nyingi ni ya kukopa.

Harakati za uhuru zilileta jina moja kubwa la mwanamke katika siasa za hapa. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 kwa wazazi wa Kimatumbi, ndiye aliyewaingiza maelfu ya wanawake TANU kwa kuwaendea kama kina mama, katika vikundi vyao vya ngoma na vya kusaidiana. Alikuwa mbunge wa Rufiji, na mwaka 1965 akashindwa hapohapo Rufiji. Miaka michache baadaye akafungwa kwa kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972, akaishi kimya kwa muda mrefu. Taifa lilimwita mama lilipohitaji umati, na lilipomaliza lilimwacha na maisha yake. Ninaposema hivyo simwonei haya Nyerere wala chama. Hayo yametokea na yanastahili kusemwa wazi.

Kisha ikaja gharika ya mwaka 1968, na baada yake Operesheni Rufiji. Serikali iliwatoa watu mabondeni ikawapandisha kwenye vijiji vya juu, Ikwiriri kikiwa kimojawapo. Sababu ilikuwa ya huruma: watu wasife maji, wapate shule, zahanati na maji safi. Shule na zahanati zilikuja. Lakini mpunga ulibaki bondeni. Mwanamke aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani sasa alitembea masaa kwenda na kurudi, au alihamia dungu kwa miezi na kuwaacha wanawe wakubwa kijijini karibu na shule. Mwaka 1974 mto ukafurika tena kwa nguvu, ukathibitisha hoja ya serikali na uchungu wa mkulima kwa wakati mmoja. Wakati huohuo wataalamu walikuwa wakipima korongo la Stiegler, lililopewa jina la Mzungu aliyeuawa humo na tembo mwaka 1907, na mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya RUBADA kusimamia bonde zima. Bwawa lingezuia mafuriko, lingeleta umeme. Liliahidiwa kwa karibu miaka 50.

Hapa ndipo mimi na Mehboob Khan tunapoachana. Filamu yake inaanza na kuishia penye mfereji mpya wa umwagiliaji. Radha ni mzee, wakubwa wa kijiji wamemleta auzindue, wamemvika shada. Katikati ya mwanzo na mwisho huo tumeona alicholipa: mwanawe Birju amekuwa jambazi, amemuua Sukhilala, amemteka binti wa mkopeshaji huyo siku ya harusi, na mama amempiga risasi mwanawe mwenyewe kwa sababu aliahidi kwamba heshima ya binti yeyote wa kijiji haitaguswa. Mlango wa maji unafunguliwa, na kwa muda maji yanaonekana mekundu. India ya Nehru ilikuwa ikijenga mabwawa, na filamu inasema: mama amemtoa mwanawe kafara, maendeleo yamekuja, hesabu imefungwa.

Rufiji imepata bwawa lake. Milango ilifungwa Desemba 2022 maji yaanze kujaa, mtambo wa kwanza ukazalisha umeme mapema mwaka 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Ni kazi kubwa, na naijivunia kama Mtanzania. Lakini masika ya mwaka huohuo 2024, kwa mvua za El Niño, maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwemo. Watu walivuka kwa mitumbwi juu ya viwanja vyao wenyewe, na mpunga uliokaribia kuiva uliozea majini. Mjadala ukazuka kuhusu maji yaliyofunguliwa bwawani na mvua za Mungu, na viongozi walieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Hesabu haikufungwa penye mlango wa maji. Ilifunguliwa upya.

Waliokuwa na nyumba za matofali sehemu za juu waliosha matope na kuendelea. Waliokuwa chini walirudi kwenye daftari: mbegu ya mkopo, unga wa mkopo, na siku hizi mkopo wa simu au wa kikundi, unaodaiwa kila wiki, mkopaji akiwa mara nyingi mwanamke kwa sababu anaaminika kulipa. Sukhilala hana sura moja tena, na mara nyingine hana sura kabisa. Ila swali la Radha usiku ule linabaki vilevile: nitalipa kwa nini, na watoto watakula nini kabla sijalipa?

Serikali imehimiza watu wahamie maeneo ya juu, kama mwaka 1968, na safari hii nakubaliana nayo. Mto umeonyesha. Lakini kuna jambo dogo la kiofisi lililokosewa wakati wa Operesheni Rufiji na halistahili kurudiwa. Familia ziliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, na shamba la bondeni ambalo mwanamke alilima miaka yote halikuandikwa kwa jina la mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kwa hiyo kila kiwanja kinachotolewa leo juu ya mto Rufiji, na kila kipande cha mlao kilicho chini yake, kiandikwe pia kwa jina la mama anayekilima. Fomu za umiliki huo zijazwe sasa, kabla ya masika yajayo, na zijazwe na mtendaji anayeketi na mama huyo na kumsomea kila mstari.